Barua ya Kumwita Theopista

...na ugonjwa gani sasa, baba mdogo hakusema ugonjwa gani, alisema tu andika mama yenu ni mgonjwa sana, nami nikaandika, mimi Gaspar, mwalimu mzima wa darasa la sita, nikaandika kwa mwandiko ule ule ninaoandikia ubaoni, mama ni mgonjwa sana, mdogo wangu, rudi kabla hujachelewa, na sasa niko hapa posta Mpanda, wa pili kwenye foleni, bahasha iko mfukoni mwa shati na jasho limeshaifikia, na baba mdogo Bartolomeo amesimama nje ya mlango ameshika baiskeli, hataki kuingia, anataka tu aone kwa macho yake barua inapita dirishani, kisha turudi Kasokola, lakini dirishani hakuna mtu, Anicet karani amechukua kifurushi cha mzee aliye mbele yangu akaingia nacho chumba cha nyuma, na huko nyuma kumekuwa kimya... mama haumwi, mama tumemwacha alfajiri akielekea kwenye majaruba, kanga ameifunga kiunoni, Februari hii maji yako magotini na mpunga umeshika, mama ana nguvu kunishinda mimi, aliniuliza, "Hiyo barua ya Theopista inasema nini?" nikamwambia salamu tu, mama, akasema, "Basi mwambie mpunga mwaka huu umeshika vizuri, na mwambie mimi mzima," nikasema ndiyo mama, nitamwambia, na bahasha tayari ilikuwa imeshabandikwa gundi... "Mwalimu, huyu karani kalala huko?" ni mama Prisila nyuma yangu, ana debe dogo la asali ya Ugalla, anampelekea mumewe jeshini, nikamwambia atakuja mama, subira, na yeye akacheka, subira gani na jua hili... mwaka wa sita huu, Theopista ameondoka kwenda Urusi Septemba ya sabini na mbili na hii ni sabini na nane, mwaka wa sita hajaukanyaga udongo huu, mwaka wa kwanza wakamfundisha Kirusi tu, halafu mitano ya hesabu, na sote tulijua Juni anamaliza, Julai anashuka kwenye treni pale stesheni, mama alishachagua na jogoo, halafu barua ya Januari ikaja, kaka, profesa wangu anataka nibaki miaka mitatu tena, nifanye utafiti wangu mwenyewe, sijamjibu, nangoja neno la nyumbani, na neno la nyumbani ndilo hili mfukoni mwangu, uongo wa mstari mmoja na nusu, tena uongo wa katekista, maana baba mdogo ndiye anayewafundisha watoto amri kumi kila Jumamosi, nilimwambia, "Baba mdogo, huu si uongo?" akasema, "Mungu anaelewa. Nchi ile haina Mungu, Gaspar. Akikaa mitatu tena atakaa kumi. Tutamzika lini na wapi mtoto wa marehemu kaka yangu?" mzee yule si mtu mbaya, baba alipofariki ni yeye aliyetubeba, ni yeye aliyempakia Theopista kwenye baiskeli hii hii na sanduku la bati kichwani kwa mtoto, wakienda kuwahi treni ya Tabora, sekondari, na kila mtu waliyepishana naye njiani alimwambia, huyu anakwenda kusoma, huyu, mwoneni... mimi ndiye niliyemfundisha kutoa, hilo hakuna anayelikumbuka ila mimi na yeye, yeye ana miaka minane na mimi kumi na tano, tumechuchumaa uani, nimechora mchangani kwa kijiti cha muhogo, hamsini na mbili toa kumi na saba, mbili toa saba haiwezekani, basi tunakopa kumi kwa jirani, akaniangalia, akasema, "Kaka, tukishaikopa tunairudisha lini?" nikasema hairudishwi, akasema, "Basi huo ni wizi," nikasema kitabu ndivyo kinavyosema, nyamaza uandike, akaandika, akakasirika wiki nzima, halafu siku moja tunapura mahindi akasema kama anaendelea na maneno ya dakika ile ile, "Hatukukopa kaka. Ile kumi imehama nyumba tu, boma ni lile lile," na mimi nikabaki na mti wa kupuria mkononi, kwa sababu mimi nilikuwa nimekopa na kukopa na kukopa tangu darasa la pili, nikipata vema zote, na sikuwahi kuuliza nimechukua cha nani... wakati ule watu walisema mwenye kichwa ni Gaspar, na kweli nilikuwa nacho, baba alipokufa mimi nilikuwa kidato cha nne, nikasema sitaendelea, nitasomea ualimu nikae karibu na mama, na sijuti, au nasema sijuti... Mungu wangu, yule msichana, barua yake ya mtihani wa kwanza naijua kwa moyo, anasema kule huandiki mtihani ukaondoka, mezani kuna tiketi zimefunikwa, unaokota moja, inakuambia utathibitisha nini, unakaa pembeni unafikiri, halafu unaitwa mbele ya ubao, na aliyekaa pale ni huyu huyu profesa anayetaka abaki, bibi kizee mwenye fimbo ya kutembelea, anasikiliza tu, na Theopista akasimama na chaki, Kirusi kikamkimbia, hesabu ikabaki kichwani haina mdomo, yule bibi akamwandikia mbili kwenye kijitabu cha alama, na mbili kule ni kufeli, tano ndiyo ya juu, akatoka akalia kwenye ngazi, ngazi za mawe, baridi inapanda mgongoni, akaniandikia, kaka, nililia kwa Kipimbwe, na hilo neno lilinivunja, kwa sababu kwa lugha ile ya nyumbani ndiyo mtu analia kweli... na baada ya wiki mbili akarudi, hakuomba kuhurumiwa, akaokota tiketi nyingine, akasimama ubaoni saa nzima, bibi akimuuliza na hapa kwa nini, na hapa kwa nini, akajibu, kila kwa nini akaijibu, mwisho bibi akainuka kwa fimbo yake, akaenda akasimama karibu na ubao akauangalia kama mtu anayeangalia shamba la mwenzake lililolimwa vizuri, akarudi akaandika tano, na Theopista anasema ilikuwa siku nzuri kuliko zote maishani mwake, msichana wa Kasokola, kwenye barafu, peke yake... "Mwalimu, habari za siku?" ni mzee wa mbele yangu amegeuka, amenipa mkono, nikampa, nzuri mzee, shikamoo, marahaba, akampa mkono na mama Prisila pia, foleni ikikaa sana watu wanakuwa ndugu... amepeana mikono mara mbili huyu, mimi moja, mama Prisila moja... nimeanza tena, ugonjwa huu wa kuhesabu ameniletea Theopista, kwa sababu kila barua yake ukurasa wa mwisho ni wangu, swali moja, kaka jaribu hili, na miaka yote hii nimejaribu, mengine nilipata na yeye akafurahi barua nzima, lakini hili la Januari, watu wamekutana, harusini, msibani, popote, wamepeana mikono, mwingine na wengi, mwingine na wachache, kila mmoja akumbuke amepeana mara ngapi, sasa wachukue wale ambao idadi yao ni witiri, moja, tatu, tano, ukiwahesabu watu hao daima watakuwa shufwa, hawawezi kuwa watatu, hawawezi kuwa saba, kwa nini, na mimi sikuona kwa nini, nikawatoa darasa la sita uwanjani, nikawaambia salimianeni, wakapeana mikono na vicheko, mwalimu mkuu akatoka kuuliza nyie mna nini leo, nikahesabu, wenye witiri walikuwa kumi na wanane, nikarudia, sita, nikarudia, kumi na wawili, kila mara shufwa, kila mara, na bado sikuona kwa nini, nikarudi nyumbani nikakaa na karatasi, nikaanza kufikiri ameniletea swali la kitoto kunionea huruma, na hata la kitoto siliwezi, na siku ya tatu ya hasira hiyo baba mdogo akaja akasema chukua kalamu... ngoja, Gaspar, ngoja hapo... ndiyo maana mkono haukutetemeka, nilijiuliza njia nzima kwa nini mkono haukutetemeka wakati wa kuandika mama ni mgonjwa, nikasema ni utii, ni heshima kwa baba mdogo, utii gani, mimi nilitaka arudi, mimi mwenyewe, si kwa ajili ya mama wala ya Mungu, nilitaka arudi afundishe hapa Mpanda, avae viatu vyenye vumbi kama vyangu, kabla hajafika mahali ambapo sitamwona hata mgongo, ee Bwana, mtoto niliyemshika mkono... na pale nje kuna mtu anapita, amesimama, anampa baba mdogo mkono, baba mdogo ameiegemeza baiskeli kwenye nyonga ili mkono uwe huru, wanatikisana muda mrefu, wewe mkono wangu, mimi mkono wako, salamu moja lakini yeye atasema nimepeana mara moja, na baba mdogo naye atasema mara moja... salamu moja inaandikwa mara mbili, hakuna mtu anayejisalimia, kila salamu moja inaingia kwenye hesabu mara mbili, kwako na kwangu, basi jumla ya watu wote, ukijumlisha kila mtu na idadi yake, lazima iwe shufwa, ni mbili mbili mbili hadi mwisho, haijalishi harusi wala msiba, na wenye shufwa ukiwatoa umetoa shufwa, kinachobaki ni shufwa, na hao waliobaki kila mmoja ana witiri, na witiri hazifanyi shufwa mpaka ziwe mbili mbili, wawili, wanne, sita, basi, basi! Haiwezekani wawe watatu, haiwezekani hata wakutane watu wa dunia nzima... "Mwalimu unacheka nini peke yako?" sicheki mama, sicheki kitu, na machozi yananilengalenga posta mchana kweupe, kumbe ndiyo hii, kumbe ni hapa anapoishi Theopista, sikuhesabu mtu hata mmoja na nimejua watu wote, hata ambao hawajazaliwa, kwa pumzi moja tu, na yeye ana hii kila siku, kubwa kuliko hii mara elfu, amesimama mbele ya mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, na yule bibi mwenye fimbo ameona kwamba atayaona, amemwambia kaa, na hakuniletea swali hili kwa huruma, alijua nitalipata, ni mimi tu niliyeacha kujua... na nina furaha hii na mtu mmoja tu duniani wa kumpa, na barua niliyo nayo ya kumpa ni ya kumwambia njoo umzike mama, aache chaki, ashuke zile ngazi za mawe analia tena kwa Kipimbwe, apande ndege akijua mama anakufa, afike stesheni amkute mama amesimama mzima na jogoo mkononi, na huo uso wake, uso atakaoniangalia nao, yeye aliyeshindwa kuvumilia ile kumi ya mchangani, iliyokopwa bila maelezo... hapana. Siiti mtu hivyo. "Pita mbele wewe, mama Prisila." "Na wewe?" "Mimi sina barua leo," na baba mdogo ameshaniona natoka kwenye mstari, ameisimamisha baiskeli ukutani, anaingia, kofia ameivua kama anaingia kanisani, "Kuna nini? Wamekataa?" na watu wanasikiliza, na waache wasikilize, "Hawajakataa, baba mdogo. Mama haumwi. Amesema nimwandikie yeye ni mzima, na ndivyo nitakavyomwandikia. Nitamwambia abaki asome," na ananiangalia, nangoja anipige au aniambie sina adabu, mkono wake unatafuta ukingo wa kofia unauzungusha, unauzungusha, "Mitatu," anasema, polepole, si kwa hasira, nisingeogopa hivi kama angekuwa na hasira, "Mimi nina miaka sitini na nane, Gaspar. Hiyo mitatu, mimi nitakuwepo?" na huko nyuma Anicet bado hajatoka, na mimi mwenye uthibitisho wa watu wote wa dunia namwambia, "Sijui, baba mdogo," na yeye anaitikia kwa kichwa, kidogo, kisha tena, anasema, "Basi mwandikie na hilo. Usiliongeze neno," anajipangusa uso kwa ile kofia, "halafu mwambie aendelee."