Vitanda Kumi na Kimoja

Kila asubuhi, kabla hata sijavua koti, Bibi Razia aliniuliza swali lilelile.

"Dative, miguu yangu inatazama wapi?"

"Inatazama mashine ya kufulia, Bibi."

"Haya. Nisomee maelekezo yake basi, huenda nikaulizwa kaburini."

Alikuwa na miaka themanini na minane, mzaliwa wa Tanga aliyehamia huku ughaibuni, na mapafu yake yalikuwa yamechoka. Mimi nilikuwa mhudumu wake. Nilitoka mtaani kwangu, Mount Dennis, asubuhi kwa mabasi mawili, nikamwogesha, nikampa uji, nikakaa naye mpaka mwanawe na mkewe waliporudi. Njiani kwenye basi niliomba, kwa sababu nyumba ile ilinilemea.

Ilikuwa na vyumba vitano vya kulala, na hakikuwepo hata kimoja kwa ajili ya Bibi. Bwana Anverali, mwanawe, mwenye duka la dawa, alikusanya vitanda vya Kifaransa vya miaka ya hamsini na sitini, vya mbao tupu. Alikuwa navyo kumi na kimoja. Vingine vilikuwa vya kulalia usiku, vingine ni vile vyembamba ambavyo Wafaransa huviita vitanda vya kupumzikia, vyenye ubavu mmoja wa kuegemea, ambavyo mtu hujinyoosha mchana akisoma gazeti. Kila kimoja kilikuwa na kadi nyeupe yenye mwaka, mji na jina la fundi kama lilijulikana. Hakuna aliyelala juu yake. Bwana na mkewe, Bi Shafina, walilala kwenye godoro la kawaida katika chumba cha tano. Bibi aliwekwa katika kijichumba cha kufulia, kwenye kitanda cha chuma kilicholetwa na watu wa afya.

"Mwanangu ana vitanda kumi na kimoja," Bibi alizoea kusema, "na bado hana usingizi."

Nadhani Bwana Anverali alinichagua mimi kwa sababu ya Kifaransa. Nilizaliwa Bujumbura, na Kifaransa nilikisoma shule. Barua za wauzaji kutoka Lyon na Marseille nilimsomea mimi, jikoni, kabla hajaenda dukani. Mtu huyo hakuwa mkali kwa asili. Alipozungumza juu ya vitanda vyake sauti yake ililainika, akaviita kama watu. "Huyu alikuwa wa mwanafunzi," aliniambia akipapasa ubao kwa kiganja. "Huyu hana msumari hata mmoja. Fundi alimshika kwa vigingi tu. Tazama."

Aliyempenda kuliko wote ni kitanda cha kupumzikia cha mwaloni, kilichofika mwezi wa pili. Kilikuwa chembamba, cha rangi ya asali, na mto wake mrefu ulikuwa na kitambaa chake cha kwanza cha sufu, rangi ya haradali. Barua yake niliisoma mara mbili kwa ombi lake. Ilisema kitanda kilitoka kwenye baraza ya hospitali ya kifua kikuu huko milimani, ambako wagonjwa walilazwa nje wavute hewa baridi.

"Fikiria, Dative," alisema. "Watu wamekata roho juu yake."

Macho yake yalikuwa na furaha. Nilimweleza Bibi nilipokuwa nikimpaka mafuta mgongoni.

"Kumbe," alisema Bibi. "Wagonjwa wa Kifaransa ruhusa."

Alicheka mpaka akakohoa, na nikajilaumu kwa kumweleza.

Kitanda hicho kiliwekwa sebuleni, mbele ya dirisha kubwa linalotazama kaskazini mashariki. Bwana alifunga mapazia ili jua lisipaushe mbao. Siku moja nilimsukuma Bibi kwa kiti cha magurudumu mpaka pale, akatoa mfukoni dira ndogo ya shaba aliyopewa na marehemu mumewe. Aliishika juu ya paja, akangoja sindano itulie. Kisha akanionyesha kwa kidole upande wa miguu wa kitanda kile.

"Kibla," alisema. "Sawasawa kabisa, kana kwamba amekipima. Na yeye hata hajui."

Ndipo aliponifundisha. Kwao mtu akiwa katika sakarati, roho ikianza kutoka, hulazwa chali, nyayo zikielekea Kibla, hata ukimkalisha awe ameielekea Maka moja kwa moja. Mume wake alilazwa hivyo. Mama yake alilazwa hivyo. Lakini kijichumba cha kufulia kilikuwa chembamba kuliko urefu wa kitanda cha chuma. Kiliingia kwa namna moja tu, na Kibla ilibaki begani kwake. Kulala ubavu hakuweza, pumzi zilikatika.

"Sitaki dawa nyingine tena, mwanangu," aliniambia. "Sitaki hospitali. Nataka siku ile nyayo zangu zitazame mahali pake. Utanisaidia?"

Nikasema nitamsaidia. Mimi ni Mkristo, na sikuona kosa lolote. Anayekwenda kwa Mungu ana haki ya kugeuka amwelekee.

Nilimwomba Bwana Anverali mara moja, jikoni, Bi Shafina akiwa anakatakata vitunguu.

"Mama anavuja," alisema. "Unajua wewe kuliko mimi. Kitambaa kile hakijaguswa na maji miaka sabini."

"Nitatandika shuka la mpira, Bwana. Na blanketi mbili juu yake."

"Na watu wa jumba la maonyesho wanakuja Jumatatu kukipiga picha." Alinitazama, akatabasamu. "Mbona unahangaika, Dative? Ninyi Wakristo si mnasema Mungu yuko pande zote? Hata kwenye mashine ya kufulia yupo."

Bi Shafina hakuinua kichwa. "Mimi nimeolewa humu miaka thelathini na moja," alisema, "na sijakaa juu ya hata kimoja. Mgonjwa ndiye aanze?"

Alhamisi nesi alikuja, akamsikiliza Bibi kifuani, akaniambia mlangoni kwamba ni suala la siku moja au mbili. Nilimpigia simu Bwana nikamwambia. Alisema atapita kwa mzee wa msikiti kuuliza juu ya kaburi.

Ijumaa nilipofika, Bibi hakuniuliza swali lake. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Vidole vya miguu vilikuwa baridi, na pumzi zilikuja moja, kisha kimya, kisha nyingine. Nimeshaona watu wakienda. Niliona kwamba anaanza kwenda. Bwana alikuwa dukani, Bi Shafina alikuwa kwa fundi wake wa nguo. Nilipiga magoti kando ya mashine ya kufulia nikamwuliza Mungu, na moyo wangu ukatulia.

Nilitandika mpira kwenye kitanda cha mwaloni, juu yake blanketi mbili na shuka safi. Nilimbeba Bibi mikononi. Alikuwa mwepesi kama kikapu cha nguo kavu. Nilimlaza chali, nikamnyooshea miguu, nikafungua mapazia. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Jua liliingia likaangukia nyayo zake.

Alifumbua macho.

"Zinatazama wapi?"

"Kibla, Bibi."

"Apa."

"Siapi, Bibi. Lakini ni kweli. Hii hapa dira."

Niliishika mbele ya macho yake mpaka akaiona sindano. Akavuta pumzi ndefu. Aliomba nimwekee mkononi kijiwe chake cha udongo wa Karbala, kile alichosujudia katika sala, nikamwekea. Aliniambia kitanda ni kigumu kama kaburi, kwamba Wafaransa hawajui kutengeneza kitu cha kulalia, na mwanawe amepoteza akili kwa mbao. Kisha midomo yake ikawa inacheza kwa dua zake. Sikuwahi kumwona na uso mtulivu hivyo kabla ya siku hiyo.

Saa sita simu ililia. Bwana Anverali alipiga kila siku saa sita.

Hapa lazima nieleze jambo. Mama yangu alifia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa akimngoja kaka yangu, nami nikamwambia yuko njiani, anakuja kesho, ili nimpe moyo. Kaka yangu alikuwa ameshakufa. Mama akang'ang'ania roho yake siku tatu kwa maumivu, macho mlangoni, kwa sababu ya neno langu. Siku tuliyomzika niliahidi mbele za Mungu kwamba sitamdanganya mtu tena maisha yangu yote, kwa lolote, na ahadi hiyo nimeishika.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza Bwana.

"Anakwenda, Bwana. Njoo."

"Yuko chumbani kwake?"

Simu ilikuwa sikioni. Bibi alikuwa mbele yangu, jua miguuni. Nilimwomba Mungu anipe jibu ambalo ni kweli na ambalo halitamdhuru, na sikupewa. Ningeweza kukata simu. Ningeweza kusema sisikii vizuri. Hayo pia ni uongo.

"Yuko kwenye kitanda cha mwaloni," nilisema.

Alifika baada ya dakika ishirini, na koti jeupe la dukani bado mwilini. Nilidhani amewahi kwa ajili ya mama yake. Aliinama, akainua pembe ya blanketi, kisha mpira, akapitisha kiganja juu ya kitambaa cha haradali kuangalia kama kuna unyevu. Ndipo alipomtazama usoni.

"Mama, pole. Pole sana. Tunarudi chumbani."

"Bwana, usimguse," nilisema. "Ni saa moja tu iliyobaki. Labda haifiki."

"Mpira unateleza. Na umefungua mapazia."

Bibi alifumbua macho. "Anver," alisema. "Ngoja kidogo, baba."

"Dakika moja tu, Mama."

Alimbeba kwa upole, na hilo ndilo ambalo siwezi kulisahau. Alimshika kichwa asijigonge mlangoni, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Kijiwe cha Karbala kilianguka ukumbini, nikakiokota. Alimlaza kwenye kitanda cha chuma, akamfunika, akambusu kipaji cha uso. Kisha akarudi sebuleni, akafunga mapazia, akaja na zile blanketi na shuka, akazitia kwenye mashine, akaiwasha.

"Zisije zikaacha harufu," alisema.

Nilimshika Bibi mkono. Aliitazama mashine ikizungusha shuka lake. Nyayo zake zilitazama wapi, alikuwa anaona mwenyewe. Alikata roho kabla mashine haijamaliza kukamua maji. Bwana Anverali alikuwa sebuleni kwa magoti, na taa ya simu mkononi, akikagua mishono ya mto.

Kabla sijaondoka aliniambia nisirudi tena.

Lakini siku ya tatu Bi Shafina alinipigia. Wageni walikuwa wengi na hakuna wa kupika chai. "Njoo utusaidie," alisema. "Na tafadhali, usituletee mambo."

Nilikwenda kwa ajili ya Bibi. Baada ya majlisi ya maombolezo msikitini ndugu wa karibu walirudi nyumbani alasiri, wakajaa sebuleni, wamekaa kwenye viti vya kukodi kukizunguka kitanda cha mwaloni. Kwenye kiti cha mbele alikaa Masi Sabika, kama wanavyomwita kwao mama mdogo, dada wa marehemu, aliyetua asubuhi ile kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na macho ya Bibi Razia na kidevu chake kilekile.

"Alikuwa hapa, Masi," Bwana Anverali alikuwa akisema, na mkono wake ulikuwa kwenye ubavu wa kitanda. "Kitanda hiki hiki. Jua la asubuhi, nyayo kwenye Kibla. Sikuruhusu mtu mwingine yeyote kukilalia isipokuwa yeye."

Wanawake walifuta machozi. Mtu mmoja alisema mwana kama huyu ni neema. Niliona kwamba kwenye kadi nyeupe, chini ya mwaka na jina la hospitali ya milimani, alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mkono, wenye jina la mama yake na tarehe.

Masi Sabika alinigeukia nilipokuwa nikimpa kikombe.

"Wewe ndiye Dative? Alinitajia habari zako katika simu. Alisema wewe husemi uongo, unamchosha." Alinishika kifundo cha mkono. "Nimesafiri siku mbili nina jambo moja tu la kuuliza. Nyayo zake zilielekea Kibla?"

Bwana Anverali alinitazama. Bi Shafina alinitazama.

"Zilielekea, Masi," nilisema. "Tangu saa nne na nusu mpaka saa sita na dakika ishirini."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo Bwana Anverali alirudi nyumbani."

Sijui kama nilimtendea mema mama yule mzee. Kila asubuhi kwenye basi namwuliza Mungu. Masi Sabika alisimama taratibu, kikombe mkononi, akapita mbele ya mpwa wake, akaketi katikati ya kitanda cha mwaloni, juu ya kitambaa cha haradali. Chai ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

"Masi," alisema Bwana Anverali, na sauti ikamtoka kabla hajaizuia. "Masi, chai hiyo."

Alitazama huku na huku, akaona wamemsikia wote. Hata hivyo alitoa kitambaa chake cha mfukoni, akapiga magoti mbele ya ndugu zake, akakishika wazi chini ya kikombe kwa mikono miwili. Masi Sabika hakunywa wala hakukiweka kikombe chini. Alikishika vivyo hivyo, akimtazama, mpaka chai ikapoa.