Marehemu Huonekana Alhamisi

Alhamisi moja, baada ya swala ya alasiri, Bi Sitara aliosha sahani, akafunika chungu cha kunde, akajitanda kanga yake na kumwambia Siti, binti wa kaka yake, kwamba anavuka barabara kwenda kumtazama marehemu.

"Haya, shangazi," alisema Siti. "Lakini leo utazame vizuri."

"Kwani wiki iliyopita nilitazama kwa magoti?" alijibu Bi Sitara, akatoka.

Siti alibaki kitandani. Alikuwa katika eda ya mumewe, Ramadhan, kuli wa gati, aliyefia kazini katika mwezi wa jina lake. Mpaka eda iishe hakutakiwa kuvuka kizingiti bila dharura. Sheikh wa mtaa alikuwa ameulizwa kama kwenda kumtazama mume kwenye redio ya macho ni dharura. Aliwaza siku mbili, akasema vitabu havikutaja jambo hilo, ila yeye mwenyewe hatapenda kumwona mwanamke wa eda amebanana na wanaume dukani. Basi Siti akaachiwa dirisha. Dirisha lilitazamana na duka la Bhupendra, ng'ambo ya Mtaa wa Narung'ombe, lakini kutoka pale alichokiona ni migongo ya watazamaji tu.

Redio ya macho, kisanduku chenye kioo cha picha, ilikuja kwa meli, zawadi kutoka kwa Praful, kaka yake Bhupendra aliyekuwa akiishi Ulaya. Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, na hapakuwa na mtambo wa kurusha picha Dar es Salaam, wala Nairobi, wala Unguja. Bhupendra alilijua hilo. Alikiweka kisanduku kati ya redio za watu alizokuwa akizitengeneza, kwa sababu kioo chake kilimfaa mkewe, Chandrika, kujitazamia akisuka nywele. Mwezi wa Mei kisanduku kikaanza kuonyesha michezo miwili. Jumatatu kilionyesha Nyumba ya Vyumba Sita, na Alhamisi kilionyesha Gatini. Chandrika akatafuta kioo kingine. Bhupendra akaongeza mabenchi na kulalamikia umeme.

Mtaa uligawanyika. Wengi walikuwa watu wa Jumatatu, na kiongozi wao alikuwa fundi Anaeli, Mpare aliyeshona nguo kwenye baraza la duka hilohilo.

"Mchezo wa Jumatatu una mambo," alikuwa akimwambia kila mteja aliyekuja kupimwa. "Kanga imeibwa, mke wa pili kaja na masanduku yake, mwenye nyumba kafunga choo kwa kufuli. Huo wa Alhamisi mtu anakula daku wiki ya pili sasa, na hajamaliza."

"Wewe unataka ugomvi tu, fundi," alisema Bhupendra. "Gatini iko taratibu, lakini iko kweli. Vumilia mpaka sehemu ya nne. Ukifika ya nne, utaacha hata cherehani."

Anaeli aliifikia ya nne na hakuacha cherehani. Katika sehemu hiyo Ramadhan alitembea kutoka nyumbani mpaka lango la bandari, akaonyesha kipande chake cha kazi, akaingia. Watu wa Alhamisi walisema hawajawahi kuona mtu anayetembea vizuri namna ile. Wengi wao walikuwa wamelibeba jeneza lake, na waliporudi kutoka dukani walisimama chini ya dirisha la Siti kutoa salamu.

"Siti, hujambo? Mumeo leo kaigiza, kaigiza kweli."

"Nashukuru," alijibu Siti. Alikuwa amechoka kushukuru.

Kilichomchosha zaidi kilikuwa barua. Wiki tatu baada ya maziko, Leodegar, karani wa kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi Ramadhan, alikuja na barua ya Kizungu, akasimama nje ya dirisha na kuisoma kwa Kiswahili. Kampuni ilisikitika. Marehemu aliangukiwa na mzigo kwa sababu alikuwa amelewa, na mwenzake aliyekuwa karibu alishuhudia kwa mdomo wake. Leodegar aliikunja barua, akaipitisha kati ya nondo za dirisha na kusema pole.

Ramadhan hakuwahi kuonja pombe maishani, na alikufa saa saba mchana na funga yake mdomoni. Lakini barua ilikuwa na mhuri. Katika hitima ya arobaini walipika pilau ya watu sitini, wakaja kumi na mmoja. Mdogo wake Ramadhan alipata mtoto wa kiume, na jina la mtoto, Ramadhan, lilikuwa limeandaliwa tangu mimba. Lakini akapewa jina la babu wa upande wa mama. Siti hakulia siku ya barua, ila siku ya jina alilia. Hakutaka kitu kingine tena duniani isipokuwa neno lile la ulevi litolewe kwenye barua ile.

Basi kila Alhamisi alimtuma shangazi yake macho, na Bi Sitara, Mungu amhurumie, alikuwa msimuliaji mbovu. Moyo wake ulikuwa kwenye mchezo wa Jumatatu. Alirudi na habari za kiraka cha shati la Ramadhan, kwamba kilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na za nyapara mmoja mwenye tumbo. Siti alipouliza Ramadhan alisema nini, shangazi alijibu, "Alisema maneno yake ya kazi."

Alhamisi hii alirudi mapema, akaketi mkekani na kuanza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Shangazi, kulikoni?"

"Hakuna. Mzigo umepanda. Marobota ya katani."

"Halafu?"

"Halafu yule mwenzake mrefu, Mbaruku wa Magomeni, kapiga kelele. Basi, ukaisha."

"Kapiga kelele kusema nini?"

Bi Sitara alitupa punje moja nje ya ungo. "Kasema, 'Unalewa! Unalewa!' Nilikuwa sitaki kukuletea maneno hayo, mwanangu."

Siti alitazama juu. Chemli ilining'inia kwenye boriti kwa kamba ya katani, na upepo wa dirishani ulikuwa ukiisukuma huku na huku. Ramadhan alikuwa na tabia ya kurudi na maneno ya gatini mpaka chumbani. Kikapu kikiyumba kichwani mwa mkewe, yeye alisema kinalewa. Taa hii alikuwa akiitazama kila jioni na kusema, "Inalewa hiyo, ifunge," na kila jioni Siti alisema ataifunga kesho. Kwa makuli, kitu chochote kilichoning'inia na kuyumba kilikuwa kimelewa.

"Shangazi. Huyo Mbaruku, alipopiga kelele, alimtazama nani?"

Bi Sitara aliacha ungo. "Hakumtazama mtu. Alitazama juu. Wote walitazama juu."

"Basi hakumwambia Ramadhan. Aliusema mzigo."

Ndivyo lugha yetu ilivyo. Wewe ukilewa, unalewa, na mzigo ukilewa, unalewa. Makuli hawakuwahi kuona tatizo, kwa sababu kuli anayesikia neno hilo hutazama juu kwanza.

Kesho yake Mbaruku mwenyewe alikuja. Hakuwa amekanyaga mtaa ule tangu siku ya barua, kwa aibu ya ushahidi alioambiwa ameutoa. Alisimama kando ya dirisha, kichwa chake kikikaribia paa, akatazama chini.

"Shemeji, nilisema mzigo."

"Najua," alisema Siti.

"Karani alikuwa kivulini anaandika. Alisikia, akaniuliza, 'Umesema alikuwa analewa?' Mimi mikono yangu ilikuwa imemshika Ramadhan. Sijui nilijibu nini."

"Najua, shemeji. Nenda kapumzike."

Mbaruku alivuka barabara akawaeleza watu wa barazani jambo hilohilo, lakini hawakumkubalia. Mchezo ulikuwa umewakolea sasa, hata fundi Anaeli, na mtaa ulikuwa na makundi mapya, watu wa "wewe" na watu wa "mzigo". Anaeli alisema kwamba mwigizaji hawezi kuachiwa kuamua maana ya mchezo wake mwenyewe, kila mtu atajipendelea. Walibishana wiki nzima. Mwisho walikubaliana kukiomba kisanduku kirudie, na Alhamisi iliyofuata kikarudia.

Safari hii hakuna aliyekohoa. Ilionekana wazi kamba ya chuma ya winchi imechanua nyuzi kama ufagio uliochakaa. Ilionekana nyapara mwenye tumbo akionyeshwa kamba hiyo, naye akisema wangoje meli iondoke kwanza. Marobota yalipanda, yakaanza kuyumba, na Mbaruku akatazama juu, akapiga kelele. Watu wa "mzigo" walishinda. Walifurahi sana, wakanunuliana kahawa, wakawacheka watu wa "wewe" mpaka magharibi. Habari ya barua haikumjia mtu yeyote akilini.

Eda ya Siti iliisha siku ya Alhamisi. Bi Sitara alimwogesha, akamvalisha kanga mpya, akamfukiza udi, na baada ya alasiri wakavuka barabara pamoja. Watu waliinuka kumpisha. Leodegar karani, ambaye hakuwa amekosa hata sehemu moja tangu mchezo uanze, alimpa nafasi yake ya benchi la mbele na kumwambia kwamba leo ni sehemu ya mwisho, na kwamba amebahatika.

Katika kioo Ramadhan alikuwa ameketi juu ya robota, anajipangusa jasho. Alikuwa amekonda kidogo. Alimwona Siti, akatulia.

"Umetoka eda?"

"Nimetoka leo."

"Ile taa bado inalewa?"

"Inalewa."

"Ifunge basi, mama."

"Nitaifunga leo," alisema Siti.

Ramadhan alitikisa kichwa kukubali. Kisha aliitwa, akainuka, akaenda kusimama chini ya winchi, kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa kazi yake. Siti alisikia kelele ya Mbaruku kwa masikio yake mwenyewe. Alilia kwa sauti, na watu walimwachia alie, hakuna aliyemwambia nyamaza. Kioo kikawa cheupe. Fundi Anaeli alisema, kwa haki, kwamba mwisho umeushinda ule wa Jumatatu.

Walipoanza kutawanyika, Siti aliitoa barua kwenye pindo la kanga na kumpa Leodegar.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Ulikuwa mzigo."

"Nimeona, dada. Kweli kabisa, ulikuwa mzigo. Nilikosea."

"Basi karekebishe."

Leodegar aliifungua barua, akaitazama kwa muda. Hakuwa mtu mbaya. Alitokea bara, na gatini alikuwa na miezi mitatu tu siku ile.

"Ingekuwa Kiswahili ningekuelekeza pa kugusa," alisema. "Lakini hii ni Kizungu, dada. Wenzetu hawana neno moja la mtu na mzigo. Ilibidi nichague, nikamchagua mtu. Sasa humu ndani mzigo haumo kabisa, nitaurekebisha wapi? Na imepigwa mihuri miwili."

"Na hawa wote walioona?"

"Wameona mchezo. Nilimwuliza bwana mkubwa juzi. Kasema ofisi haipokei mchezo." Alimrudishia barua kwa mikono miwili, kwa adabu. "Samahani, naomba kuuliza. Mchezo utaendelea? Nimeona anazungumza na wewe, nikadhani labda kakwambia."

"Hakuniambia," alisema Siti.

Jioni hiyo alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaifunga chemli kwenye boriti kwa vipande viwili vya kitambaa. Ikatulia. Aliirudisha barua chini ya godoro, pale ilipokuwa.

Ijumaa asubuhi meli nyingine ilifunga gatini, na winchi ileile ikapandisha marobota kwa kamba ileile. Alhamisi iliyofuata kisanduku kilianza mchezo mpya. Bhupendra aliwatangazia wateja wake kwamba sehemu ya kwanza tu imeshaonyesha dalili nzuri, ni habari za yule mrefu, Mbaruku, anaamka nyumbani kwake asubuhi. Leodegar alikuwa amekwisha kupeleka barua ya pili, Magomeni, siku mbili kabla.

Siti aliitazama sehemu yote, mpaka kioo kilipokuwa cheupe. Alijitanda kanga, akatembea kwa miguu mpaka Magomeni, na miguu ilimuuma. Mjane wa Mbaruku alikuwa ameketi kitandani nyuma ya pazia, mavazi yake meupe ya eda, barua ikiwa mapajani haijakunjwa.

Siti alivua viatu akaketi karibu naye. Wala hakuanza na habari za viraka.

"Kaamka," alisema. "Kakaa kitandani, kajinyoosha. Anatafuta kiatu."

"Kipi?"

"Cha kushoto. Anatafuta, hakioni, anakuita."

Mjane aliinama, akainua shuka, akatazama.

"Kiko hapa chini ya kitanda," alisema. "Alhamisi ukienda, mwambie."