Kwa Miguu Hadi Kanyaruchinya

Maji yalikuwa yanaunguza, na katika nyumba ile ya Ndosho hakuna aliyekuwa na kifua cha kumwambia Apolline. Mama mkwe huyo alikuwa na mikono mikubwa na sauti kubwa kuliko mikono. Asubuhi na jioni aliteleka sufuria, akachovya kitambaa kizito, akamkanda nacho Micheline kiuno, mgongo na tumbo, akiruka kidonda tu. Akimaliza anamfunga kitenge tumboni mpaka mtoto wa watu anakosa hewa. Halafu uji wa mtama, bakuli zima, na amri moja: "Lala."

Ndivyo mzazi anavyotunzwa, na hakuna ubaya wowote. Ila Micheline hakuwa amezaa. Mwezi wa tatu wa mwaka ule wa 2023 daktari alimpasua akamtoa kizazi pamoja na vifuko vyote viwili vya mayai, kwa sababu ya uvimbe uliomtoa damu mwaka mzima na kumtunisha tumbo kama la mimba. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Apolline alilijua hilo vizuri sana, maana ndiye aliyekaa mlangoni pa chumba cha upasuaji na rozari mkononi. Lakini alijua njia moja tu ya kumtunza mwanamke aliyepasuliwa tumbo, na hakuwa mtu wa kujifunza ya pili.

"Tumbo ni tumbo," alisema. "Lala."

Naye Micheline akalala. Mtashangaa, mwanamke mzima, mchuuzi wa viazi aliyezoea kuzunguka mji kutwa, anakubalije kulazwa kama gunia? Basi sikilizeni. Alikuwa na miaka kumi na minne katika ndoa ya Sebahire, mimba mbili zimeharibika, na mtoto hakuna. Kila mara jirani alipojifungua, yeye ndiye aliyetumwa kuchota maji ya kumkanda mwenzake. Sasa maji yalikuwa yanachemshwa kwa ajili yake. Alijua ni uongo, lakini utamu wa kutunzwa namna ile ulimshinda, na hakumwambia mtu.

Shida ni kwamba moto mwingine ulikuwa ukiwaka ndani. Unaanzia kifuani, unapanda shingoni, unafika masikioni, na ghafla jasho linamtiririka hadi shuka inalowa, na huku Goma baridi ya mlima Nyiragongo imetanda nje. Walimpeleka kupima malaria mara mbili, na mara mbili hakukuwa na malaria. Alilia kwa sababu ya chumvi kuzidi kwenye maharage. Usingizi ulimkimbia. Magoti yalianza kuuma, na miezi miwili ilipokwisha alikuwa anakwenda chooni akishika ukuta.

Siku moja katika siku hizo akapita Ntirenganya, binamu yake, anayesukuma viazi vitamu kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, kati ya mji na Kanyaruchinya. Huko Kanyaruchinya, kambini, ndiko aliko mama yake Micheline, bibi Mukamazimpaka, tangu vita ilipomtoa Rutshuru mwaka uliotangulia. Ntirenganya alichungulia chumbani akaona kitanda, sufuria ya maji ya moto, uji, na tumbo lililofungwa kitenge. Kuuliza hakuuliza, mambo ya tumbo la mwanamke mwanaume haulizi. Apolline naye hakufafanua.

"Walimupasua," alimwambia, "lakini tunamukanda vizuri. Ataamuka."

"Mungu asifiwe!" Ntirenganya akasema, akashika chukudu lake, akaondoka mbio. Hapo angalau mmoja wao alipaswa kushangaa kwa nini mtu anasifu hivyo.

Mwezi wa sita Micheline alirudi kliniki kuonwa. Muuguzi aliyempokea, Victoire, ni mwanamke mwembamba asiyejua kubembeleza. Alimtazama anavyoinuka kwenye benchi kwa kujivuta, akauliza anaishije nyumbani. Apolline akajibu yeye, kwa fahari, akaeleza yote tangu maji hadi uji.

Victoire akaweka kalamu chini. "Mama, ni nani amezaa hapa?"

Akamgeukia Micheline.

"Dada Micheline, sikiliza. Wanawake wengine wanafika kwenye kukoma hedhi polepole, miaka na miaka. Wewe umefikishwa asubuhi moja, ukiwa umelala usingizi wa sindano. Ule moto haiko malaria wala mashetani, ni mwili unatafuta kitu yenye ulizoea. Daktari ataongea na wewe juu ya vidonge, vikipatikana. Lakini mifupa haingojei vidonge. Ukilala, nayo inalegea. Unaelewa?"

"Ninaelewa," Micheline akasema.

"Basi utatembea. Kila siku. Leo mpaka kwa jirani, kesho kupita kwa jirani. Kisha utabeba kitu kidogo, mifupa inapenda kubeba. Utaketi kwenye kiti na kuinuka bila kushika, mara kumi, asubuhi na jioni. Wale samaki wadogo wa sambaza ule na vichwa vyake, usivitupe. Mboga ya lengalenga kila siku. Jua la asubuhi. Na moto ukikushika, kitambaa cha maji baridi shingoni."

"Baridi?" Apolline akaruka. "Baridi kwa mutu wa tumbo? Nilizaa saba mimi, na nilikandwa mara saba!"

"Na yeye hakuzaa hata mmoja, mama."

Neno lile lilimpata Micheline palepale alipokuwa amejificha. Alilia njiani kote. Jioni ile sufuria haikutelekwa. Micheline alijilaza, akahisi tumbo lake bila kitenge, akajua kwamba mzazi amekufa katika nyumba ile na mazishi yake hayatakuwepo. Alihuzunika kweli. Asubuhi akainuka, akatembea hadi mlangoni kwa jirani, akarudi akihema.

Wiki haikuisha, Ntirenganya huyoo, meno yote nje.

"Mama yako anauliza," akasema kutoka uani. "Ni kijana ao ni binti? Na anasema musijisumbue kumutafutia jina, yeye amekwisha kutoa: Mahoro. Kambi nzima inajua!"

Micheline alikuwa amekaa kwenye kiti, katika ile hesabu yake ya kuinuka mara kumi. Hakuinuka tena. Aii, ndugu zangu! Bibi kizee amengoja mjukuu miaka kumi na minne, amekimbia bunduki, analala chini ya turubai juu ya mawe ya volkano, ameliona tumbo la binti yake likituna asithubutu kuuliza, halafu anapewa furaha ambayo haipo. Na yule mpumbavu wa binamu alisema tu alichokiona. Ungemlaumu nani?

Angeweza kumwambia palepale. Lakini aliuona uso ule wa kijana umejaa furaha, akawaza: maneno haya yatafika kambini juu ya chukudu, pamoja na viazi, yasemwe mbele ya watu? Simu pia hapana. Mama hakuwa na simu, na simu ya Ntirenganya ilikuwa inasikika hadi kwa jirani.

"Mwambie nakuja mwenyewe," akasema.

Ntirenganya alipokwisha kuondoka ndipo alipotambua kwamba ameuongeza uongo.

Apolline akatoa shauri la haraka: pikipiki, kesho asubuhi. Victoire alikuwa amekataza pikipiki kwenye barabara ile ya mawe hadi miezi ipite, lakini si hilo lililomfanya Micheline atikise kichwa.

"Mama yangu alinizoea na miguu. Tangu amefika kule nilikuwa naenda kila Jumamosi na miguu, na kilo kumi kichwani. Akiona nashushwa kwa pikipiki atajua nimeletwa. Na mutu wa kuletwa ni mugonjwa. Nikimwambia mutoto hakuna, na akiniona hivi navyojivuta, atapoteza wawili siku moja. Hapana. Nitafika nikiwa muzima, na nitamwambia kwa kinywa changu."

Apolline akaitazama miguu ya Micheline. "Kanyaruchinya iko mbali," akasema.

"Najua iko wapi."

Basi ikaanza kazi. Wiki ya kwanza hadi kwa fundi wa baiskeli. Ya pili hadi soko la Ndosho. Apolline alimfuata nyuma na kigoda mkononi, akigomba kila hatua: "Pole pole! Unakimbilia nini, unafukuzwa?" Moto wa ndani ukimshika njiani, Micheline anasimama, Apolline anamwekea kigoda katikati ya watu, anammwagia maji baridi shingoni kutoka kwenye chupa, huku akiwafokea wanaokodoa macho. Ndiyo, maji baridi. Hakusema kwamba amebadili mawazo, na Micheline alikuwa na akili ya kutomuuliza.

Sambaza alikula na vichwa vyake hadi Sebahire akasema mke wake atajifunza kuogelea. Mwezi wa saba alibeba kilo mbili za viazi, wa nane akabeba tano. Siku zingine hakuweza kitu. Aliamka na mwili mzito, moyo umemwingia giza bila sababu, akalala kuelekea ukutani, na siku hizo Apolline alikaa tu pembeni akimenya ndizi. Kesho yake walianza tena, kutoka kwa fundi wa baiskeli. Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Magoti yakaacha kelele. Ntirenganya akipita, anapewa jibu lile lile kutoka mlangoni: nakuja mwenyewe.

Na wakati wote huo vita ilikuwa palepale. Siku zingine mizinga ilisikika kutoka upande wa Kibumba, na watu sokoni walinyamaza, wakasikiliza, wakaendelea kupima unga. Micheline yeye alihesabu siku. Kambi ikikimbia, mama atakwenda wapi, na nani atamwambia? Usiku alimwota mama yake akimweleza mtu asiyemjua, barabarani, habari za Mahoro wake. Aliogopa jambo hilo kuliko mizinga yenyewe.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, saa kumi na mbili asubuhi, alitoka. Kilo tano za unga kichwani, viatu vya raba vya Sebahire vilivyojazwa kitambaa mbele. Apolline alimsindikiza hadi mtaa wa Majengo, hakugomba hata mara moja, na hilo lilimtisha Micheline kuliko chochote. Pale barabara ya Rutshuru inapoanza kupanda, mama mkwe akasimama.

"Mimi nitakusumbua tu," akasema. "Enda. Na usilie kabla ya kusema. Sema kwanza."

Akapanda. Alipofika Munigi alishikwa na moto mara mbili, akatua mzigo, akangoja, akauinua tena peke yake. Mapaja yaliuma maumivu mazuri, ya mtu anayefanya kazi. Saa tatu ilipokaribia aliona turubai za kwanza, nyeupe juu ya mawe meusi. Hapo moyo ukaanza kudunda kwa sababu nyingine.

Habari ilimtangulia. Mtu alimwona, akapiga kelele, na kabla hajafika kwenye kibanda cha mama yake vigelegele vilikwisha kuanza. "Muzazi amefika! Mama Mahoro!" Wanawake walitoka pande zote, na hawakutoka mikono mitupu, maana mtoto haendewi mikono mitupu. Huyu na kikombe cha maharage, huyu na nusu ya sabuni, yule bibi wa jirani na kofia ya kitoto aliyoifuma kwa uzi wa nguo iliyochakaa. Watu wasio na kitu, jamani. Micheline alitamani ardhi impasukie.

Mukamazimpaka alitoka akiinama, akiwa amevaa kitambaa kisafi kichwani. Alimkumbatia mtoto wake, na mkono wake, kabla ya lolote, ukaenda mgongoni kwa Micheline kutafuta. Ukapapasa. Ukakuta mgongo mtupu, umelowa jasho.

"Umemuacha nyumbani?" akauliza taratibu. "Ndiyo, jua ni kali. Umefanya vizuri."

Vigelegele vilikuwa vimekoma. Wote walikuwa wanangoja.

"Mama," Micheline akasema. Sema kwanza. "Mutoto hakuna. Hakukuwa na mutoto. Nilikuwa naumwa, walinipasua, wakatoa kizazi na mayai, vyote. Sitazaa. Ntirenganya aliona nakandwa, akafikiri ni uzazi. Nami nikanyamaza, juu nilitaka kukuambia mwenyewe. Unisamehe."

Yule bibi akaificha kofia chini ya kitenge chake. Mukamazimpaka aliketi juu ya jiwe, uso ukakunjamana, akalia mbele ya watu bila kujifunika, kilio kifupi cha mtu aliyezoea kupoteza. Micheline alisimama mbele yake na mikono ikining'inia. Miguu haikutetemeka.

Kisha mama yake akajifuta, akamtazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Ulikuja na nini?"

"Na miguu."

"Kutoka Ndosho? Na ule mzigo?"

"Na ule mzigo."

"Na tumbo hilo walilopasua?"

"Nalo."

Bibi kizee akashika bega la mtoto wake, akajiinua. Wanawake walikuwa wameanza kugeuka, taratibu, kwa aibu, kila mmoja na zawadi yake kwapani.

"Munaenda wapi?" akawaita kwa sauti. "Si mulikuja kuona mutoto? Mutoto ni huyu. Ni mimi nilimuzaa. Waliniletea habari kwamba amelala kitandani, na leo amefika kwangu akitembea. Mutamuona ao mutakataa?"

Walitazamana. Aliyetangulia ni mwenye maharage, akayaweka chini miguuni pa Micheline. Sabuni ikafuata. Mwishowe yule bibi wa jirani akaitoa kofia, akaigeuzageuza vidoleni, akaona aibu, lakini desturi ni desturi, na anayekuja kuona mtoto hana budi kuuliza.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Micheline," mama yake akajibu.