Safari ya Jilore katika Mfungo Tano

Tima aliposhindwa kupanda ngazi kwenda darini, ndipo alipoanza kulitaja ziwa. Kwanza alilitaja kwa mzaha, kama mgonjwa wa homa anavyotaja biriani. Halafu akalitaja kila siku. Alilazwa ukumbini, katika nyumba yao ya Shella mjini Malindi, na nyuma ya ukuta bahari ilipiga usiku na mchana, haipumziki wala haimpumzishi mtu.

"Bibi," alimwambia nyanya yake, Bi. Mwanamina, "nataka kulala mahali penye maji yasiyopiga kelele. Nikishalala, nirudisheni."

Bi. Mwanamina alijua ni wapi. Zamani kidogo, Mwingereza alipokuwa ndiyo kwanza anajenga boma lake mjini, Muhdhar, baba yake Tima, alikuwa na shamba la mtama huko bara, Jilore, na mtoto alikwenda naye mara moja. Alirudi akisimulia maji matamu yaliyotulia kama yaliyotiwa siniani, na mayungiyungi, na viboko wanaotoa masikio tu.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kifua, na mjini hapana aliyeutaja kwa jina. Waliokuwa wamemposa walirudi nyuma kimya kimya. Hawakusema neno baya, na Bi. Mwanamina aliwashukuru hata kwa hilo.

Basi wakaanza kupanga safari, na mipango ilimfaa Tima kuliko dawa. Alitaka kujua akina nani watabeba machela, watapumzika wapi njiani, watakula nini.

"Hema liwe na dirisha, Bibi."

"Hema gani lenye dirisha, mwanangu? Wataka na ngazi pia?"

"Basi mlango wake uelekee majini."

Manilal, mwenye duka la nguo, aliposikia alikuja mwenyewe na turubai begani, akitoka jasho. Alikuwa amelishona hema kwa mkono wake. Mama yake, Labhuben, alituma chupa ya achari ya ndimu na ujumbe kwamba ulimi uliosahau chakula hutaka kuzabwa kofi. Tima alicheka hadi akakohoa. Naye Gona, Mgiriama aliyekuwa akilinda lile shamba la Muhdhar, alitumiwa salamu kupitia watu waletao mahindi mjini kwamba ajenge banda la kupikia ukingoni mwa ziwa, pale pale pa zamani. Akajibu kwamba banda li tayari.

Kila kitu kilikuwa tayari, ila mwezi. Muhdhar alirudi msikitini jioni moja, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Umeandama, Mama. Mfungo tano umeingia. Hatutoki mpaka mfungo sita, inshallah."

Kila mtu Shella aliujua mwezi huo, wa tano baada ya Ramadhani, kuwa mzito, wa nuksi. Haozwi mtu, hauwekwi msingi wa nyumba, haianzwi safari. Bi. Mwanamina mwenyewe, katika uzee wake wote, hakuwahi kuanza safari mfungo tano.

"Mwezi mzima, Muhdhar?"

"Ni wewe uliyenifundisha, Mama."

Ilikuwa kweli. Tima hakulia. Aligeukia ukutani, na tangu siku ile hakuuliza tena habari za hema. Uji ukawa unarudi jikoni kama ulivyoletwa.

Ijumaa moja Bi. Mwanamina alikuwa akimwogesha. Aliuinua mkono wa msichana ili amsugue, na bangili iliyokuwa ikikaa kifundoni ikateleza, ikapita kiwiko, ikaenda kukoma kwapani. Akaishusha taratibu kana kwamba hakuona. Alipomaliza kumfuta akamfuata mwanawe barazani.

"Kesho nitatoka naye. Kama mwezi huu una ubaya, na unipate mimi niliyeamua."

"Na ukimpata yeye?"

"Yeye umekwisha kumpata, baba."

Muhdhar alikiangalia kikombe chake cha kahawa.

Alfajiri wapagazi wanne walikuja na machela. Walikuwa wakimfunika Tima shuka pale Muhdhar alipotokea amevaa kikoi kikuukuu cha shamba. Alimgusa bega mpagazi wa mbele, akauchukua mti wa machela, akauweka begani mwake.

"Si ulisema hutoki?" mama yake akamwuliza.

"Mimi sisafiri. Namsindikiza mwanangu mpaka Ganda."

Walipofika kijiji cha Ganda jua lilikuwa limeshapanda. Wapagazi wakasimama wanywe maji, wakamtazama. Muhdhar alifuta uso, akauhamishia mti bega la pili, wakaendelea. Bi. Mwanamina, juu ya punda wake, hakumtania.

Wakafika Jilore alasiri, na ziwa halikuwapo.

Banda lilikuwapo, zuri, nyasi zake mpya zikinukia. Lakini mbele yake palikuwa na tope kavu lililopasuka vipande, na maji yenyewe yalimetameta mbali sana, membamba kama utepe. Katika kupanga kote kule, hakuna aliyekumbuka kuuliza ziwa liko vipi. Watu wa Shella wanayajua maji. Maji yakienda asubuhi, jioni yamerudi. Haikuwajia kwamba yako maji yaendayo yasirudi mpaka mvua inyeshe.

"Gona, maji yako wapi?" Muhdhar aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si yale, bwana? Huu ni mwisho wa kiangazi. Mliniambia pale pa zamani, nikajenga pale pa zamani."

Tima alijiinua kwa kiwiko ndani ya machela.

"Limekupwa," akasema. "Litajaa jioni, Bibi?"

Nyevu, mkewe Gona, alipiga magoti kando yake, akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya leso, akamwambia kweli. "Litajaa masika, mwanangu."

"Masika," Tima akarudia, kama mtu anayetajiwa mji wa mbali. Akafumba macho.

Bi. Mwanamina alishuka juu ya punda. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi.

"Hema lisipigwe hapa. Likapigwe kule kwenye maji."

"Kule viboko hupita, bibi," Gona akasema.

"Tutawasha moto," Muhdhar akajibu. "Nitakesha mimi."

Wakaenda. Nyevu alikata matete akayatandaza mbele ya wabebaji, maana kadiri walivyosogea ndivyo tope lilivyozidi kulainika. Hata hivyo Muhdhar alizama, mguu mmoja kisha wa pili, mpaka magotini.

"Baba," Tima akaita kutoka machelani, macho bado kafumba, "ndiko kusindikiza gani huku?"

Muhdhar akacheka, na machozi yakimtoka.

Walilipiga hema juu ya matete, mlango ukaelekea majini. Maji yalikuwa machache, ya rangi ya chai, bila ua hata moja. Lakini yalikuwa kimya. Tima aliyasikiliza muda mrefu.

"Wasikia nini?" nyanya yake akamwuliza.

"Sisikii kitu," akasema, na uso ukamlegea.

Asubuhi Bi. Mwanamina hakumwamsha. Uji ulipoa, akaupasha, ukapoa tena. Alikaa akimpepea nzi kwa kipepeo cha ukili, na Muhdhar, macho mekundu kwa moshi, akawaashiria wapagazi waongee mbali.

Hawakumrudisha. Alifariki pale, mwezi ule ule, akazikwa juu penye ardhi ngumu, na baba yake ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Matangani, Shella, mwanamke mmoja mzee alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mji, naye magoti yake mabovu. Aliketi kwa shida, akalia kwa haki, akajifuta.

"Lakini Mwanamina," akasema, "mfungo tano! Mngengoja mwezi upite."

Wanawake wakainama. Bi. Mwanamina alimmiminia mgeni wake kahawa, akamsogezea mto wa kuegemea.

"Alilala, dada yangu," akasema. "Alilala mpaka jua likapanda."