Ukuta Niliokandika Gahanna

Binti yangu Kavugho anamtunza mzee mmoja katika mji wa Gahanna, kwenye nyumba ya kale ya nguzo za mbao ambayo babu wa huyo mzee aliileta kwa meli kutoka Uingereza, nguzo kwa nguzo. Nilitoka kwangu Louisville kumsalimia binti yangu, akaenda nami kazini.

"Bon, haya mama, ukae tu hapa. Usiguse kitu."

Nikakaa. Mbele yangu, kati ya nguzo mbili nyeusi, ukuta ulikuwa umebanduka, fito zimetokeza kama mbavu za mbuzi. Nilishtuka! Tajiri mzima, nyumba ya fito na udongo kama ya mama yangu kule Butembo, halafu hana hata mwanamke wa kuikandika? Nikamwonea aibu. Kavugho alipokwenda kumwogesha mzee, nilichota udongo bustanini, nikaukanda na majani makavu, nikakandika hadi pakawa laini.

Mzee aliporudi na kiti chake cha magurudumu, alinyoosha kidole ukutani. Aliyepiga kelele ni Kavugho.

"Mama! Hapo waliacha wazi makusudi! Watu wanatoka mbali, Buffalo huko, kuja kuangalia hizo fito za kale! Kazi yangu imekwisha!"

Nyumba inaachwa uchi ili wageni waitazame?

Mzee alisema maneno machache, Kavugho akanitafsiria huku machozi yanamtoka. Yeye Kavugho abaki kazini, maana hakuna mwingine anayejua kumwogesha bila kumuumiza. Mimi nisikanyage tena pale.

Donc, kwa hiyo nimefukuzwa kazi, na hata kuajiriwa sijaajiriwa.