Mraba Usiofungika

Usiku wa jana niliota nimeitwa na mraba niliouchora mwenyewe kwenye kompyuta. Hauna mdomo, lakini umeninunia waziwazi.

"Wewe bwana," unasema, "umenipa pembe nne, ukaenda zako kulala. Hebu nitazame."

Ninautazama. Ni kweli. Najifunza kuiamuru kompyuta ichore maumbo: unaitajia nukta kwa namba mbili mbili, ya kwanza ikiwa sifuri, sifuri, yenyewe inaziunganisha kwa mstari, moja hadi nyingine, kisha inasimama. Mimi nilitaja nukta nne tu, kwa hiyo mraba una kuta tatu. Ili ufungike, nukta ya kwanza lazima itajwe tena mwishoni. Kosa hili hulifanya kila anayeanza, nami nimeanza juzi.

"Nitarekebisha asubuhi," najibu.

"Asubuhi! Mwanao yumo humu."

Natazama ndani. Riziki, binti yangu wa miaka mitatu, amelala katikati ya mraba, na mraba sasa ni chumba chetu cha Tanga. Upande usio na ukuta hakuna ua wala barabara. Ni weupe mtupu. Na Riziki ana tabia ya kutembea usingizini. Anainuka.

"Riziki! Kaa hapo hapo, mama!"

Hasikii. Anajikokota kuelekea kwenye weupe.

"Nukta ya tano!" mraba unafoka. "Sifuri, sifuri! Pale nilipoanzia!"

Nakimbia hadi sifuri, sifuri. Pamekaliwa. Baba mkwe, Mzee Shekue, ameweka kigoda chake juu ya nukta yenyewe, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Hamjambo huko?"

Jamani! Kwetu baba mkwe haamrishwi kuhama kigoda. Unamwomba, naye hana haraka. Namwambia kuna mstari unataka kupita. Anauliza mstari wa nani. Nasema wa mraba. Anauliza huyo mraba ni mtoto wa nani. Tabasamu la adabu limenikauka usoni.

Nageuka. Mguu mmoja wa Riziki uko nje.

"Mzee, toka!"

Nambeba na kigoda chake, kahawa inatumwagikia wote wawili, namtua kando.

"Huyu ndiye niliyempa binti yangu," anaiambia kahawa iliyobaki.

"Sifuri, sifuri!" napiga kelele. Mstari unapita fyaa, ukuta unasimama. Sijui Riziki kabaki upande gani.

Nikaamka nahema. Kumeshapambazuka. Riziki yupo kitandani pake, anakoroma, shuka limempanda hadi magotini. Nilicheka peke yangu, nikaona haya, nikaenda kumfunika.

Unyayo wake mmoja ulikuwa mweupe pe. Nikausugua kwa ncha ya shuka, nikatia mate, nikausugua tena. Weupe hautoki.

"Baba, unanitekenya," akasema Riziki, akauvuta mguu ndani.