Kifungo cha Namba Tisa

...benchi, neno moja tu, benchi, tena lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wa Theopista, ila Mzee Suud ndiyo kwanza anainua kikombe cha kahawa, na kocha wa timu ya wenye maduka wa Msimbazi hajibiwi akiwa anapuliza, adabu, hata kama mwuliza swali ni yeye mwenyewe, "Haya binti, na Onesphory wetu tunamweka wapi?", na Onesphory huyo hapo, kasimama mlangoni pa duka la baba yake Theopista, kiwiliwili kimeziba nusu ya ujia, anachekacheka, ana haki ya kucheka, jezi zote kanunua yeye, na aliyenunua jezi hucheza namba tisa, ndiyo sheria ya mtaa, nani kaipitisha, bunge lipi, tangu lini jezi ikakaba?... atulie, ataharibu, juu ya kaunta vifungo vya mashati vimekaa sawa, vya zambarau Msimbazi, vyeupe Mchikichini, wapinzani wa kesho, na hoja zote keshashinda, tunakabia juu, mabeki wa kati wasogee hadi katikati ya uwanja, viungo wapande, mawinga wawabane mabeki wao wa pembeni, wasipate pumzi hata langoni kwao, mzee akatikisa kichwa, "Mashallah, huyu mtoto wa Leodegar!", imebaki kifungo kimoja tu, kiko kiganjani mwake kinatoa jasho, akikikosea hiki kesho fainali Mnazi Mmoja atarudishwa kubeba ndoo ya maji na machungwa kama kwenye nusu fainali, akimwangalia Onesphory kashika kiuno, mpira unapita mbele yake, anausindikiza kwa macho kama harusi ya jirani... "Huyu kaniwekea sumu, namjua," Onesphory anasema, "wasomi hawa!", na ulimi unamwasha Theopista, amrukie sasa hivi, kama alivyomrukia Muaz, mpinzani wake kwenye mdahalo wa chuo, kila sentensi aliikimbilia, kila koma, Muaz akamwacha akimbie weee, kisha akapitisha hoja moja nyuma yake, taratibu, ukumbi ukapiga makofi, na ukweli alikuwa nao yeye Theopista! lakini kukimbia peke yako mbele siyo kukaba, ni mazoezi ya viungo... mama mmoja mwenye kapu anakuja, macho yake yako kwa Amna, duka la mbele kule la zipu, na Onesphory, bila kukatisha kicheko, anasogeza mguu, mmoja, bega linafuata, hajamgusa, hajamwita, mama anapinda mwenyewe kama maji, anajikuta ndani ya duka la Onesphory, hapo ubavuni mwa la baba, ambako shemeji mtu keshanyanyuka na futi ya kupimia, "Karibu mama yangu, zipu ya rangi gani?"... aa! Theopista kaliona hilo tangu akiwa darasa la kwanza, kila siku ya Mungu, na hajawahi kuliona, huyu mtu hamkimbizi mteja, anaiziba njia ya duka la pili, sasa kwa nini tunamtaka akimbize mpira, asimame tu, baina ya beki wao na namba sita wao, kiungo mkabaji, pasi ya katikati ife, mpira hauna pa kwenda ila pembeni, na pembeni winga yupo, keshanyanyuka na futi mkononi, hahaha, asithubutu kukimbia, kaka Onesphory, akikimbia tu namtoa mimi, asimame vilevile, ashike hata kiuno kikimpendeza... "Binti?" anasema Mzee Suud, "kahawa itapoa," na lile neno la benchi analimeza, linashuka tamu kama kashata, kifungo bado kiko kiganjani, Onesphory bado anacheka mlangoni, na Theopista naye anacheka, hana haraka hata kidogo, anamngoja mzee amalize kupuliza.